Dhambi si lazima iwe kosa la jinai: historia ya mabishano ya Ulaya, na bongo moja niliyosema



Tangu Januari 2024, wakati kardinali wetu Fridolin Ambongo alitia sahihi tangazo la maaskofu wa Afrika la kukataa kubariki wapenzi wa jinsia moja, mabishano humu ndani hayajaisha. Kila wiki kuna mutu anarudilia maneno mawili. La kwanza: "Hii ni mambo ya Wazungu, walituletea." La pili: "Sheria ya Congo inakataza, iko wazi kabisa." Leo siandike juu ya kubariki ao kutobariki, hiyo ni kazi ya mapadri na wapasta. Nataka kuandika historia ya sheria. Hayo maneno mawili niliyafuata nyuma mpaka kwenye mizizi, na yote mawili hayako vile nilikuwa nafikiri.

Mutauliza mutu wa agronomia anatafuta nini mu historia ya sheria. Ngoja niseme.

Mu mwaka wangu wa mwisho wa licence nilikuwa napanga chumba kimoja mu parselle ya wanafunzi. Jioni moja vijana wa avenue walimushika mupangaji mwenzetu, fundi wa kushona nguo, wakasema wamemukuta na mwanaume. Watu wakajaa. Papa mmoja, mzee wa heshima pale, akanigeukia mbele ya wote: "Wewe mwenye kusoma, sheria inasema nini?" Nikajibu bila kusita: "Papa, inakataza. Ni miaka mitano ya buloko." Sikuwa nimefungua Code pénal hata siku moja. Ile miaka mitano sijui niliitoa wapi, pengine niliisikia mu taksi. Baada ya pale walimupiga. Siwezi kusema walimupiga sababu yangu, pengine wangemupiga tu. Lakini niliulizwa kama mutu wa masomo, na nilichojibu kilikuwa bongo.

Nilijua ni bongo mwaka mmoja nyuma, wakati rafiki yangu avoka (ule wa tribinali, haiko ile tunakula na chumvi) alinifungulia kitabu. Code pénal yetu ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, iliyofanyiwa marekebisho mara mingi. Nilitafuta ile article ya miaka mitano. Haiko. Hakuna article inayosema kwamba watu wazima wawili wa jinsia moja, wakikubaliana, ndani ya nyumba yao, wanafanya kosa la jinai. Kuna article 176, ya kuvunja adabu mbele ya watu, ambayo polisi wanaitumia wakati mwingine kwa kusumbua. Kuna Katiba, article 40, inayosema kila mutu ana haki ya kuoa ao kuolewa na mutu anayemuchagua, wa jinsia tofauti. Kwa hiyo ndoa ya jinsia moja haiko kwetu, na Katiba imeifunga. Lakini kukosa ndoa na kufungwa buloko ni vitu viwili. Mu 2010, na tena mu 2013, depite walileta mapendekezo ya sheria ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja. Hakuna hata moja lililopita. Na mimi nikajiuliza: kama ilikuwa tayari imekatazwa, hao depite walikuwa wanatafuta nini?

Sasa swali la historia njo hili. Uganda inakataza tangu wakati wa ukoloni. Kenya vilevile, Tanzania vilevile. Sisi hapana. Mutu anavuka pale Kasindi, anafika Mpondwe, makabila ni yale yale, makanisa ni yale yale, nyimbo za korali ni zile zile, lakini sheria imebadilika mu hatua mia mbili. Juu ya nini?

Jibu halitoke Kinshasa wala Kampala. Linatoka Paris na London.

Tuanze na Paris. Mu Julai 1750, mu uwanja wa Place de Grève, wanaume wawili walichomwa moto. Majina yao ni Bruno Lenoir na Jean Diot, mmoja mutengenezaji wa viatu, mwengine mutumishi. Walikamatwa usiku mu barabara. Hao njo wa mwisho kuuawa mu Ufaransa kwa kosa hilo peke yake. Miaka 41 kisha, mapinduzi yamefika, Bunge la Katiba likapitisha Code pénal mpya ya 1791, na kosa la "sodoma" halimo tena. Wengi wanafikiri kulikuwa mjadala mukubwa, depite wanasimama kutetea uhuru wa mapenzi. Hapana. Hakuna aliyesimama. Lilitoka kimya kimya, pamoja na kukufuru, uchawi na kunajisi vitu vitakatifu. Mutu aliyeleta pendekezo, Le Peletier de Saint-Fargeau, alieleza kwamba sheria mpya itaadhibu makosa ya kweli tu, siyo yale ambayo imani za uongo na utawala wa zamani viliyatunga. Wazo lilikuwa rahisi: serkali inaadhibu mutu anayemuzuru mwenzake ao kuzuru umma. Mengine ni kati yake na padri wake.

Tusiwapake mafuta hao Wafaransa. Polisi ya Paris iliendelea kuwafuata watu hao kwa karne nzima, ikiwakamata kwa kisingizio cha adabu ya barabarani. Na mu 1942 serkali ya Vichy, ile iliyokuwa inashirikiana na Hitler, ikaleta sheria ya kuweka umri tofauti, mukubwa zaidi, kwa mapenzi ya jinsia moja. Vita ikaisha, De Gaulle akaingia, sheria nyingi za Vichy zikafutwa, hiyo ikabakia. Ilifutwa mu Agosti 1982 tu, wakati Robert Badinter alikuwa waziri wa sheria.

Lakini Code ya 1791, na ile ya Napoleon ya 1810 iliyoifuata, zilitembea na majeshi. Inchi inayoitwa leo Ubelgiji ilichukuliwa na Ufaransa mu 1795. Wafaransa wakaondoka, sheria zao zikabakia. Mu 1867 Wabelgiji waliandika Code pénal yao wenyewe, na wao pia hawakurudisha lile kosa. Ubelgiji ya wakati ule ilikuwa ya kikatoliki kabisa, maaskofu walikuwa na nguvu mpaka mu siasa, na hakuna anayeweza kusema walipenda mambo hayo. Waliyaita dhambi kila Jumapili. Sheria ya jinai ikanyamaza. Njo hao Wabelgiji waliotuandikia Code pénal. Walikuja kwetu na chikoti, na mipira, na kazi ya nguvu, sina haja ya kuwasifu kwa lolote. Nasema tu kitabu walichotuachia hakina ile article niliyoitaja mbele ya Papa.

Tuende London, maana kule hadithi ni ndefu na ina utamu wake.

Zamani mu Uingereza mambo haya yalikuwa mu tribinali za Kanisa. Mu 1533 mufalme Henry VIII, ule aliyekosana na Papa wa Roma juu ya ndoa yake, akayatoa mikononi mwa Kanisa na kuyaweka mu sheria ya serkali, na adhabu ikawa kunyongwa. Angalieni vizuri: sheria tunayoiita leo "ya maadili ya kikristo" ilizaliwa siku serkali ilipokuwa inapunguza nguvu za Kanisa. Watu wakanyongwa kwa miaka mia tatu. Wa mwisho walikuwa James Pratt na John Smith, mu Novemba 1835. Mu 1861 kunyongwa kukaondolewa, ikawa buloko ya miaka kumi mpaka maisha. Mu 1885 Bunge, likijadili sheria ya kulinda wasichana wadogo, likaongeza kifungu kilicholetwa na depite Henry Labouchere, usiku, watu wakiwa wachache. Kifungu hicho kiliadhibu karibu tendo lolote kati ya wanaume, hata mu nyumba yao. Miaka 10 kisha, mwandishi Oscar Wilde akafungwa nacho miaka 2 na kazi ngumu.

Na kama vile Napoleon, Waingereza nao walitembeza sheria zao. Mu 1860 waliandikia India kitabu cha sheria ya jinai, na ndani yake kifungu 377, cha matendo "kinyume na maumbile". Kifungu hicho, na watoto wake, kikapandwa mu makoloni mengi ya Uingereza, mpaka Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wa kule hawakuulizwa. Leo mu Kampala mutu anasimama na kusema sheria hiyo ni utamaduni wa Afrika.

Hapa muruhusu agronome aseme kidogo. Muhogo. Kila mmoja wetu atakuambia fufu na sombe ni chakula ya bankambo. Kumbe muhogo ulitoka Amerika ya Kusini na meli za Wareno, ukafika kwetu kama karne nne na nusu zilizopita. Mahindi vilevile, maharagi vilevile. Si vibaya. Kitu cha kuja kinaweza kuwa chako. Lakini mu phytopathologie tunafundishwa: kama hujui mumea ulitoka wapi, hutajua ugonjwa wake ulitoka wapi. Sheria nayo iko vile.

Turudi. Miaka ya 1950 mu Uingereza njo sehemu iliyonifanya nisome mpaka usiku. Polisi walikuwa wanakamata zaidi na zaidi. Mu 1952 walimuhukumu Alan Turing, mwanahesabu aliyesaidia kuvunja siri za mawasiliano ya jeshi la Ujerumani wakati wa vita. Walimupa kuchagua: buloko, ao sindano za homoni. Akachagua homoni. Mu 1954 akafa kwa sumu ya sianidi, na uchunguzi ukasema alijiua. Mwaka ule ule kukawa kesi ya Lord Montagu, mutoto wa familia kubwa, pamoja na mwandishi wa gazeti Peter Wildeblood. Watu wakaanza kuuliza kama kazi ya polisi ni hii.

Mimi nilikuwa nafikiri walioanza kuuliza walikuwa watu wasio na dini. Hapana. Kati ya wa kwanza kabisa kulikuwa kamati ya Kanisa la Anglikana, ile iliyokuwa inashughulikia maadili. Padri mmoja wao, Derrick Sherwin Bailey, alisoma upya historia yote, na mu 1955 akatoa kitabu juu ya mapenzi ya jinsia moja na mapokeo ya kikristo ya Magharibi. Kamati hiyo iliomba serkali ichunguze sheria. Ilisema jambo ambalo mu makanisa yetu ni adimu kulisikia: kitendo ni dhambi, ndiyo, lakini kuna dhambi mingi ambazo sheria haiziadhibu. Uzinzi ni dhambi. Kudanganya bibi yako ni dhambi. Polisi haiji kukukamata usiku juu yake. Kwa nini dhambi moja iwe ya buloko na nyingine ya kitubio?

Serkali ikaunda komisyo mu 1954, chini ya John Wolfenden, mukubwa wa université ya Reading. Ilikuwa na kazi mbili: ukahaba na mapenzi ya jinsia moja. Inasimuliwa kwamba, juu ya kuwaheshimu wadada waliokuwa wanapiga mashini, wajumbe waliita kundi moja "Huntley" na lingine "Palmer", kutoka kampuni ya biskuti ya mji ule ule wa Reading. Komisyo ilisikiliza majaji, polisi, madaktari, na wanaume watatu wa jinsia moja waliokubali kuja kujieleza, Wildeblood akiwemo. Kamati ya wakatoliki, iliyowekwa na kardinali Griffin wa Westminster, nayo ikaandika. Nayo ikasema vilevile: dhambi inabakia dhambi, lakini serkali haina kazi mu chumba cha watu wazima wawili waliokubaliana.

Ripoti ikatoka mu Septemba 1957. Wajumbe 12 walikubali kuondoa kosa hilo kwa watu wazima, kwa siri, kwa kukubaliana. Mmoja akakataa, James Adair wa Scotland, aliyekuwa zamani mwendesha mashitaka, na mzee wa Kanisa la Presbiteri. Aliogopa kwamba sheria ikinyamaza watu watasoma ruhusa. Hoja yake si ya kijinga. Njo ile ile tunayoisikia humu kila siku: mukiondoa sheria, mumebariki. Askofu mukuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, mutu mwenye kushika mapokeo kwelikweli, akajibu upande mwingine. Kwake kila mutu ana eneo lake ambalo sheria haina ruhusa kuingia, na ndani ya eneo hilo anajibu mbele ya Mungu.

Kisha wanasheria wakaingia. Mu 1959 jaji Patrick Devlin alitoa hotuba iliyosomwa mpaka leo mu auditwari za sheria. Alisema jamii haishikwi na polisi tu, inashikwa na maadili ya pamoja, na maadili ya Uingereza yalitoka mu ukristo. Ukiyaachilia yaoze, jamii inaanguka, kwa hiyo jamii ina haki ya kujilinda hata kwa sheria. Profesa wa Oxford, H.L.A. Hart, akamujibu kwamba jamii inabadilika maadili bila kufa, na kwamba hasira ya watu wengi haitoshi kumufunga mutu asiyemuzuru mwenzake. Devlin si mutu wa kuweka mu kisanduku kimoja. Mwaka ule ule wa 1959 aliongoza uchunguzi mu Nyasaland, leo Malawi, na akaandika kwamba utawala wa Uingereza kule ulikuwa umegeuka, walau kwa muda, dola ya kipolisi. London ilikasirika. Na mwisho wake, mu 1965, yeye mwenyewe aliunga mkono kubadilisha ile sheria ya jinsia moja. Ukisoma hoja zake unaelewa: alikuwa anatetea haki ya jamii kujilinda, hakusema kila siku lazima itumike.

Ilichukua miaka 10. Serkali iliogopa wapiga kura. Mu 1960 Bunge lilikataa. Mu 1965 Lord Arran, ambaye kaka yake mukubwa alijiua, alileta sheria mu Bunge la juu, na askofu mukuu mupya, Michael Ramsey, akasimama kuitetea. Maaskofu wengine wakapiga kura pamoja naye. Mu Bunge la chini depite Leo Abse akaisukuma, na mu Julai 1967 ikapita. Ilikuwa nyembamba: kuanzia miaka 21, watu wawili tu, kwa siri, mu England na Wales peke yake, askari na mabaharia hawamo. Baada yake polisi waliongeza kukamata watu kwa matendo ya hadharani. Kwa hiyo hata pale hakukuwa sherehe.

Ujerumani sitakaa sana, lakini lazima nipite. Paragrafu 175 ilikuwa pale tangu 1871. Mu 1935 Wanazi waliikaza, na maelfu wakapelekwa mu kambi na pembetatu ya rangi ya waridi kwenye nguo. Vita ikaisha. Ujerumani ya Magharibi ikaishika paragrafu hiyo vilevile, maneno ya Wanazi na yote, na kuna waliotoka kambini wakarudishwa buloko kumaliza adhabu. Mu Mei 1957, miezi mine mbele ya ripoti ya Wolfenden, tribinali kuu ya Katiba ya kule iliulizwa kama hiyo ni halali. Ikajibu ndiyo, na mu sababu zake ikataja kwamba makanisa mawili makubwa ya kikristo yanalaani kitendo hicho. Basi mwaka mmoja, ukristo mmoja: London makanisa yanasaidia kufungua mulango, Karlsruhe majaji wanayatumia kuufunga. Ufunguo wenyewe ulikuwa umechongwa na watu wa Hitler. Paragrafu hiyo ililegezwa mu 1969, ikafutwa mu 1994.

Na Ireland ya Kaskazini. Kule wakatoliki na waprotestanti walikuwa wanauana kwa mabomu mu miaka ya 1970, lakini London ilipotaka kuwapelekea sheria ya 1967, pasta Ian Paisley aliandaa kampeni ya kuokoa Ulster na sodoma, akakusanya sahihi karibu 70 000, na maaskofu wakatoliki nao wakapinga. Mwanaume mmoja wa Belfast, Jeffrey Dudgeon, karani wa kazi za meli, ambaye polisi walikuwa wamemupekua nyumbani na kumuuliza maswali ya chumbani kwa masaa, alipeleka kesi mpaka Strasbourg. Mu Oktoba 1981 tribinali ya Ulaya ya haki za binadamu ilimupa haki, majaji 15 kwa 4. Haikusema kitendo ni kizuri. Ilisema wazi kwamba kuondoa adhabu hakumaanishi kukubali. Njo jibu kwa James Adair, miaka 24 kisha.

Mengine munayajua. Ndoa ya jinsia moja mu Uholanzi 2001, Ubelgiji 2003, Ufaransa 2013 na maandamano ya malaki ya watu barabarani, wengi wakatoliki. Ireland, inchi iliyoacha kuadhibu mu 1993 tu, ikapiga kura mu 2015 na 62 kwa mia wakasema ndiyo. Hungary ikaandika mu katiba yake kwamba ndoa ni mwanaume na mwanamuke. Kwa hiyo anayesema "Wazungu wanataka hivi", mimi namuuliza: Wazungu gani? Wamegombana wao kwa wao miaka mia mbili, na hawajamaliza.

Na sisi warithi wa Ubelgiji, tuko watatu. Rwanda haikuweka kosa hilo. Burundi nayo ilikuwa bila, mpaka mu 2009 ilipoliweka, kwa mikono ya Warundi wenyewe, bila mukoloni. Sisi tuko pale pale. Uganda mu 2023 iliongeza juu ya kifungu cha Waingereza mpaka adhabu ya kifo kwa hali fulani.

Mwaka ule ule wa 2023 Papa Fransisko alikuja kwetu. Wengi wenu mulisafiri, ao mulikesha mbele ya televizyo kuangalia misa ya Ndolo, tarehe 1 Februari. Wiki moja mbele yake, mu mazungumuzo na waandishi wa habari, alikuwa amesema kwamba kuwa mutu wa jinsia moja si kosa la jinai, na akatofautisha dhambi na kosa la jinai, sawasawa na wale waanglikana wa 1954. Akitoka Juba, mu ndege, akarudilia, na askofu mukuu wa Canterbury, Justin Welby, alikuwa pale pembeni yake akakubali. Sisi tulikuwa tunaimba, sidhani tulisikia. Hata lile tangazo la Ambongo la 2024, ambalo humu linatumwa kila mara kama rungu, mulisome mpaka chini: linakataa baraka, na hapo hapo linaomba watu hao waheshimiwe utu wao.

Mimi ni mukristo, na ndoa kwangu ni ya mwanaume na mwanamuke, sifichi. Kama kesho mu Bunge letu wataleta tena pendekezo, kila mmoja atasimama upande wake, na hoja ya Devlin si ya kutupa, inastahili kujibiwa na mutu aliyesoma. Lakini tubishane tukijua kilichoandikwa. Hakuna mutu humu mwenye ruhusa ya kusema tena "sheria iko wazi" kama mimi nilivyosema.

Mu likizo ya mwaka jana nilirudi ku ile avenue. Papa bado yuko, amezeeka. Nikamuambia: "Papa, ile siku nilikudanganya, hakukuwa sheria." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilikuuliza wewe sababu sikujua kusoma Kifaransa." Nikamuuliza habari za fundi. Hakuna anayejua. Mmoja anasema Uvira, mwengine anasema Kalemie. Mashini yake ya kushona mwenye nyumba aliiuza, kulipa miezi miwili ya kodi aliyoacha.